Arobaini na Saba ya Nini?

Katika shule kama yetu kuna namba inayotawala kuliko kengele. Ni sitini. Imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga, chini kabisa, baada ya ndoo, jembe, mashuka mawili ya bluu na Biblia: mwanafunzi asiyefikisha wastani wa 60 atashauriwa kutafuta shule nyingine. Mzazi husaini. Wengi husaini bila kufika huko chini, maana macho yao yamebaki kwenye ukurasa wa ada. Neno linalotumika ni "kushauriwa". Sijawahi kuona mzazi aliyepewa ushauri huo akaukataa.

Nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari ya wasichana inayomilikiwa na shirika la masista, huku Nyanda za Juu Kusini. Nikimaliza vipindi nakaa ofisi ya taaluma, kwa hiyo alama zote za shule hupita mikononi mwangu. Naziingiza kwenye kompyuta, kompyuta inapanga, na walio chini ya sitini wanageuka wekundu. Hakuna mtu anayewapaka rangi. Fomula iliwekwa kabla sijaajiriwa, na aliyeiweka alishahama.

Sisemi haya ili shule za Kanisa zionekane katili. Sitini ina historia yake. Mwaka 1969 serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini zikawa za umma, na kwa miaka mingi Kanisa likabaki zaidi na seminari. Mlango ulipofunguliwa tena, mashirika yalijenga upya, safari hii kwa ada. Shule isiyo na ruzuku huishi kwa ada, ada huletwa na wazazi, na wazazi huletwa na matokeo. Mwanzoni mwa 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Lakini matokeo ya kila shule bado yanawekwa mtandaoni, na mzazi mwenye simu hujipangia orodha yake jioni hiyohiyo. Mabango ya shule barabarani, yenye picha za wasichana waliopata Divisheni Wani, hayajapungua hata moja.

Katika hali hiyo akaja binti mmoja wa Kidato cha Kwanza ambaye hasikii.

Alizaliwa akisikia. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka minane, akapona, masikio yakabaki hukohuko kwenye homa. Kwa hiyo alikuwa anaongea, tena vizuri, na sauti yake ilipanda kidogo tu pasipotakiwa. Alisoma midomo. Shule ya msingi aliimaliza darasani mwenye watoto zaidi ya themanini, akinakili madaftari ya kaka yake. Baba yake, mkulima wa kahawa kutoka Mbinga, alimleta na risiti ya benki mkononi, akamwambia mkuu wa shule, "Sista, mtoto hana shida yoyote. Ni masikio tu."

Mkuu wa shule wa wakati ule alikuwa sista mwenye miaka hamsini na kitu, mwalimu wa Hisabati, mwenye kusema kidogo. Alimpokea. Hakukuwa na hotuba. Aliuliza kama anaona vizuri, akaambiwa ndiyo, akamwambia matroni ampe kitanda karibu na taa.

Muhula wa kwanza ulipoisha, binti alipata 47. Akageuka mwekundu kama wenzake. Nilipeleka mkeka wa alama ofisini kwa Sista Mkuu, akaupitia kwa kalamu, akasimama kwenye jina lake.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii arobaini na saba ni ya nini?"

Nikajibu kuwa ni wastani wa masomo tisa.

"Hapana. Nauliza ni ya nini. Ya akili au ya masikio?"

Swali hilo hakuna fomula ya kulijibu. Wiki iliyofuata alichukua kiti cha plastiki, akaenda kukaa nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza B siku nzima, kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha nane. Tulidhani anakagua maandalio ya masomo. Kumbe alikuwa na daftari dogo anachora vijiti. Jioni akaita kikao cha walimu. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba katika vipindi vinane vya dakika 40, walimu walizungumza wakiwa wameuelekea ubao mara mia mbili na kumi na moja. "Ubao," akasema, "umefaulu. Mtoto bado."

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Mwalimu mmoja wa sayansi, mzee wa kazi na mtu mwema, alisimama. "Sista, sisi hatukusomea elimu maalumu. Shule zao zipo. Huyu mtoto tunamwonea bure kumweka hapa."

Hoja hiyo haikuwa ya mtu mvivu, na nimeifikiria sana tangu siku ile. Shule zao zipo kweli, na waliozianzisha ni watu wa Kanisa. Buigiri, Dodoma, Waanglikana walifungua shule ya wasioona mwaka 1950. Tabora, Wakatoliki walifungua shule ya viziwi mwaka 1963, ya kwanza nchini. Wakati ambapo mtoto kiziwi alifichwa chumba cha nyuma wageni wakija, kulikuwa na mtu aliyemjengea bweni. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu elimu la Oktoba 1965, uliwakumbuka wenye ulemavu, lakini uliwakumbuka katika orodha ya aina za shule, wakiwa na ya kwao. Ndivyo huruma ilivyofikiri wakati ule: kila hitaji na jengo lake.

Baadaye dunia ilibadili swali. Tamko la Salamanca la 1994 lilizitaka shule za kawaida ziwe ndizo zinazobadilika ili kumpokea mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya mtoto huyo kusoma shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi. Lakini sheria haikai nyuma ya darasa kuhesabu vijiti. Na hata mimi ninayeipenda naona kuna watoto ambao kuwatupa katikati ya wanaosikia, bila mwalimu wala mwenzao anayejua lugha ya alama, ni kuwafungia upweke kwa jina zuri. Mtoto aliyezaliwa kiziwi anahitaji lugha kabla ya Fizikia, na lugha hiyo huipata penye viziwi wenzake. Binti wetu alikuwa na lugha tayari. Alichokosa ni nyuso zetu.

Sista Mkuu alimsikiliza yule mwalimu hadi mwisho. Kisha akasema, "Sijakuomba elimu maalumu, Mwalimu. Nimekuomba ugeuke."

Yakapangwa mambo manne, akayaandika ubaoni mwenyewe. Mwalimu akisema awatazame wanafunzi, akiandika anyamaze. Kazi ya nyumbani iandikwe, isitamkwe tu. Kila wiki mwanafunzi mmoja kwa zamu ampe mwenzake daftari lake anakili. Na asikae dawati la mbele katikati, kama tulivyomweka kwa kudhani tunamsaidia, bali mbele pembeni, upande wa dirisha, ili akigeuza shingo aone mdomo wa mwenzake anayejibu kutoka nyuma. Hilo la mwisho alilisema binti mwenyewe. Sista alikuwa amemuuliza. Katika yote yaliyofanyika mwaka ule, nadhani hilo ndilo kubwa: kuna mtu mzima aliyemuuliza.

Mambo hayo manne hayakugharimu shilingi. Ya tano iligharimu. Umeme kwetu hukatika, na jenereta huwashwa kwa prepu peke yake. Taa zikizimika, wasichana wengine huendelea kupiga soga gizani. Yeye gizani alikuwa hana mtu. Matroni ndiye aliyegundua kwamba analala mapema kuliko wote, na kwamba si usingizi. Sista akanunua balbu moja ya sola kwa ajili ya kona ile ya bweni. Wakaguzi wa bajeti wa shirika waliuliza, akawajibu kuwa ni kifaa cha kufundishia.

Hata kanisani kulibadilika. Paroko wetu hupenda kushika maikrofoni karibu kabisa na midomo, kama mtu anayekula hindi. Sista alimwendea baada ya Misa, akampigia "Tumsifu Yesu Kristo", akamwomba aishushe hadi kidevuni. Padri akasema sauti haitasikika nyuma. Sista akasema, "Baba, yuko mmoja ambaye haisikii hata mbele." Jumapili iliyofuata maikrofoni ilikuwa kifuani.

Mwisho wa mwaka binti alipata 61.

Ningeweza kuishia hapo. Habari nyingi za namna hii huishia hapo: mkuu mwenye moyo, mtoto mwenye juhudi, namba inayopanda. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi katika shule ya masista anajua nini hufuata mkuu mwenye moyo. Hufuata barua. Desemba ile Mama Mkuu wa shirika alitoa uhamisho, na Sista wetu akapelekwa jimbo jingine kusimamia hosteli. Ni nadhiri ya utii, haina rufaa. Alipakia sanduku moja na mashine ya cherehani. Tulipomsindikiza kituo cha basi nilikuwa nahesabu kichwani ni vitu vingapi vya shule yetu vinaondoka ndani ya sanduku lile.

Mkuu mpya alifika Januari na sifa yake mbele. Shule aliyotoka aliikuta chini akaiacha juu. Alikuwa kijana kuliko mtangulizi wake, mchapakazi, anaamka saa kumi alfajiri. Siku ya kwanza alifungua mkeka wa alama kwenye projekta, akatuonyesha wekundu. "Hawa," akasema, "ndio wanaotukalia juu ya matokeo. Sitini itakuwa ya kila muhula, si ya mwaka." Walimu watatu walikuwa wamehama kipindi hichohicho, wapya watatu wamekuja, na hakuna aliyewaambia habari ya kugeuka. Jenereta likaharibika Machi. Juni binti akapata 58.

Barua za ushauri ziliandaliwa. Za Kidato cha Pili zilikuwa tatu.

Nilikwenda kwa Sista mpya na karatasi za alama za mwaka mzima, na nilitegemea ubishi. Hakubisha. Alifungua kabati, akatoa taarifa ya makabidhiano aliyosaini Januari, akaanza kuipekua akitafuta kama kuna lolote limeandikwa. Taarifa hizi ni orodha ya mali. Vitanda 212. Ng'ombe wa maziwa 11, mmoja mgonjwa. Jenereta moja. Deni la duka la vifaa vya ujenzi. Na chini ya deni, kwa mwandiko uleule wa mwalimu wa Hisabati, palikuwa na kipengele namba 34: mwanafunzi wa Kidato cha Pili B, hasikii, akae mbele pembeni upande wa dirisha, mwalimu amtazame anaposema, asajiliwe NECTA kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu ili apewe muda wa ziada, balbu ya bweni ibadilishwe ikiungua.

Sista mpya alikisoma mara mbili.

"Nilisaini hii," akasema, kama anayejisemea.

"Ndiyo, Sista."

"Ng'ombe siwezi kuwauza bila kikao cha bodi." Akafunga faili. "Basi na hili siwezi."

Barua moja ikachanwa. Wiki hiyohiyo aliwaita walimu wapya, akawasomea kipengele namba 34 neno kwa neno, kwa sauti ileile anayosomea ratiba ya zamu. Hakukipamba. Novemba binti alifanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili akiwa na muda wake wa ziada, akavuka.

Ndipo nilipoelewa kitu kuhusu uongozi ambacho semina zote za walimu hazijawahi kuniambia. Wema wa mkuu mmoja huhama na mkuu huyo. Kilichobaki kwetu ni wema ulioandikwa kati ya ng'ombe na deni, ukawa mali ya shule, wenye namba, unaokabidhiwa na kusainiwa. Sista wa kwanza alijua kwamba atahamishwa. Masista wote wanajua. Hakumwombea yule binti kwa mtu atakayekuja. Alimwingiza kwenye orodha.

Lakini nimesema barua zilikuwa tatu.

Moja ilikwenda kwa mzazi ambaye mwanawe alikuwa ameshaamua kuondoka. Ya pili ilikwenda kwa mama mmoja muuza duka kutoka Songea. Bintiye alikuwa na 51. Huyu masikio yake yalikuwa mazima, na macho pia. Kwenye mdahalo hakuna aliyemweza. Ukimsimamisha akueleze chanzo cha Vita vya Maji Maji, alikueleza kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, Kinjekitile na maji yake, na jinsi Wangoni walivyoingia, kwa mpangilio ambao sijauona hata kwenye kitabu cha kiada. Ukimpa karatasi, mambo yaleyale yalitoka yamevunjikavunjika. B ilikuwa d, d ilikuwa b. Akisoma kwa sauti, kidole chake kilishika mstari kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Kuna jina la hali hiyo, disleksia, na kuna njia za kumsaidia mtoto mwenye nayo. Kwenye kabati letu hakukuwa na faili lenye jina hilo. Hospitali haikumpa cheti. Hakuna baba aliyesema "ni masikio tu". Kwenye taarifa ya makabidhiano hakuwemo, kwa sababu ili uandikwe lazima kwanza uonekane.

Nilimtetea kwa maneno. Maneno hayana namba ya kipengele. Sista alisema, na kwa alichokuwa nacho mezani ilikuwa haki kusema, "Mwalimu, huyu anasikia, anaona, ana akili kama unavyosema. Sasa kinachomshinda ni nini kama si uvivu?"

Mama yake alikuja kumchukua Jumamosi. Tulibeba tranka pamoja hadi getini. Hakulalamika, alikuwa ameshasaini ile fomu. Alisema jambo moja tu: "Mwalimu, nyumbani huyu ndiye anayenishikia madeni ya wateja. Yote kichwani. Hajawahi kukosea." Siku hizi binti yuko shule ya kata karibu na kwao.

Huwa nalinganisha wasichana hawa wawili, na nadhani shule nyingi za Kanisa zimesimama hapo hapo katikati yao. Ulemavu unaoonekana umeanza kupata kiti. Padri anautaja kwenye mahubiri, mfadhili anaupiga picha, mkuu mzuri anauandika kwenye orodha. Usioonekana unaitwa tabia. Unaitwa uvivu, kiburi, kutokuwa makini, na kwetu sisi tunaosali kabla ya kipindi, mara nyingine unaitwa hata dhambi. Sitini haitofautishi. Inaona wote wawili wakiwa na rangi moja.

Baada ya likizo nilirudi kwa Sista na ombi dogo. Sikumwomba aifute sitini, maana ningekuwa naomba aifute ada. Niliomba safu moja iongezwe kwenye mkeka wa alama, kulia kwa wastani, yenye kichwa "Sababu". Kabla ya barua yoyote kutoka, kila mwalimu wa somo aijaze kwa kila mwekundu. Kama hakuna sababu, hakuna barua. Alifikiri siku mbili. Akakubali kwa Kidato cha Kwanza peke yake, kwa majaribio.

Mkeka wa kwanza ulirudi umejaa neno moja. Mvivu. Mvivu. Mvivu sana. Hajitumi. Mvivu. Niliupeleka kwa Sista nikiwa nimekwisha kata tamaa. Akaupitia kwa kalamu, kama alivyokuwa akifanya yule mwingine, ingawa hawa wawili hawajawahi kukaa chumba kimoja. Akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MVIVU SI SABABU, NI TUSI. JAZENI UPYA.

Walinung'unika. Safu yenyewe inaongeza kazi, na mshahara haujaongezeka. Wapo walioandika "hana msingi" kwa wanafunzi kumi na wawili mfululizo. Lakini mkeka wa pili ulikuwa na mambo ambayo sikuwahi kuyaona kwenye karatasi ya shule yetu. Huyu anasinzia kila asubuhi, ulizeni bweni kama ana kifafa. Huyu anakunja macho akisoma ubao. Huyu alifiwa na mama mwezi wa pili na hatukuambiwa.

Na kwenye mstari wa tisa, yule mzee wa sayansi, aliyesema hatukusomea elimu maalumu, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Anasoma polepole mno. Nikimuuliza kwa mdomo anajibu vizuri. Nifanyeje?"

Miaka minne nimeshika mkeka wa alama, na ilikuwa mara ya kwanza kurudi ofisini kwangu ukiwa na alama ya kuuliza. Sista ameiweka kuwa ajenda ya kwanza ya kikao cha Ijumaa.